oTree kwa majaribio ya ushirikiano Uganda: programu bora, lakini chunga sifuri zake

oTree ni programu huria ya kuendeshea michezo ya kiuchumi kwenye kivinjari, ile ambayo watu wanne walio sehemu nne tofauti wanaingia kwa wakati mmoja, kila mmoja anaamua achangie kiasi gani kwenye mfuko wa pamoja, na matokeo ya wote yanarudi papo hapo. Waliitambulisha Daniel Chen, Martin Schonger na Chris Wickens katika makala ya mwaka 2016. Imeandikwa kwa lugha ya programu ya Python, na tangu toleo la 5 iliachana na Django, mfumo wa kutengenezea tovuti, kwa hiyo ni nyepesi na haihitaji mtaalamu kuifunga kwenye kompyuta. Ni ya bure. Unachodaiwa ni kutaja makala yao ukichapisha matokeo.

Kwa mtafiti aliye Kampala, Gulu, Mbarara au Arua tunaipa nafasi ya kwanza kati ya programu za aina yake. Mshiriki haongezi chochote kwenye simu yake, kivinjari cha kawaida kinatosha. Pia unaweza kuiendesha ukumbini bila intaneti hata kidogo, jambo ambalo wapinzani wake hawalifanyi kwa urahisi huo. Kasoro tunayoiona si ya ubora wa programu. Ni tabia moja ya kimyakimya ambayo, usipoijua, itakupa jibu la uongo kuhusu watu uliokwenda kuwapima. Hiyo ndiyo tutakayoichambua zaidi.

Mchezo wa kupimia

Mfano mzuri ni ule mchezo wa mfuko wa pamoja unaotumika sana. Wachezaji 4, kila mmoja anapewa pointi 20 kila raundi, raundi ni 10. Kinachowekwa mfukoni kinazidishwa kwa 1.6 na kugawanywa sawa kwa wote 4, maana yake kila pointi iliyochangwa inamrudishia kila mwanakikundi pointi 0.4. Wote wakichanga zote, kila mmoja anaondoka na 32. Wote wakizuia, kila mmoja anabaki na 20. Watatu wakichanga zote na mmoja akazuia, yule mdandiaji anapata 44 na wenzake 24 kila mmoja. Hapo ndipo penye utamu wa mchezo: kikundi kinanufaika kwa kushirikiana, lakini mtu mmoja mmoja ananufaika zaidi kwa kudandia.

Hata oTree yenyewe ina mfano wa mchezo huu ndani yake. Ukitoa amri `otree startproject` na kukubali mifano, utaukuta tayari, na msimbo wake haufiki kurasa mbili. Mwanafunzi wa uzamili anayejua Python ya mwanzo ataubadilisha ndani ya siku chache. Sehemu ya C inabeba idadi ya wachezaji na raundi. Player inabeba uamuzi wa kila mtu. Group inabeba jumla ya mfuko. Kurasa zinapangwa kwa mfuatano mmoja unaosomeka. Mpangilio huu ndio sifa kubwa ya programu: msimamizi wako wa utafiti asiye mwanaprogramu anaweza kusoma kanuni za malipo na kuona kama ndizo mlizokubaliana.

Aliyekatika mtandao anaandikwa kama mbinafsi

Mchezo wa papo kwa papo una ukurasa wa kusubiri. Kikundi hakisogei mpaka wa nne afike. Mmoja wao bando likiisha, au umeme ukikatika na Wi-Fi ya hosteli ikazima, watatu wanabaki wakitazama duara linalozunguka. Dawa inayojulikana ni kuweka kikomo cha muda kwa kila ukurasa wa uamuzi, `timeout_seconds`, tuseme sekunde 60. Muda ukiisha, ukurasa unajiwasilisha wenyewe.

Sasa angalia kinachotokea. Ukurasa ukijiwasilisha huku kisanduku cha namba kikiwa tupu, oTree inajaza sifuri. Kwenye jedwali lako la mwisho, mtu aliyekosa mtandao kule Koboko na mtu aliyekataa kuchanga kwa makusudi wanaonekana sawasawa: mchango 0. Ubaya zaidi, wenzake nao wanaiona sifuri hiyo. Tangu utafiti wa Fischbacher, Gächter na Fehr wa 2001 inajulikana kwamba takriban nusu ya washiriki huchanga kwa masharti, yaani huchanga wakiona wengine wanachanga na hupunguza wakiona wengine wanazuia. Sifuri moja ya mtandao katika raundi ya 3 inawashusha watatu waliobaki katika raundi ya 4, nao wanashushana katika ya 5. Utachora mstari unaoporomoka na kuandika kwamba ushirikiano ulivunjika, kumbe kilichovunjika ni mawasiliano.

Madhara hayagawanyiki sawa. Watu wa vijijini wanakatika zaidi kuliko wa mjini, wenye simu za bei ya chini zaidi kuliko wenye kompyuta. Ukilinganisha Kampala na Karamoja kwa mchezo usiorekebishwa, sehemu ya tofauti utakayoipata ni ramani ya minara ya simu.

Kuna mtego wa pili uliojificha ndani ya huo wa kwanza. Unapojaribu mchezo kwenye kompyuta yako kwa `otree devserver`, ukurasa wa mtu aliyefunga kivinjari haujiwasilishi, kikundi kinakwama. Ukiendesha kwa `otree prodserver`, unajiwasilisha hata kama mtu amefunga kila kitu na kuondoka. Kwa hiyo anayejaribia kwenye seva ya maendeleo anajiandaa kwa tatizo la kukwama, halafu siku ya kazi anapata sifuri za kimya. Majaribio ya mwisho yafanywe kwenye `prodserver`, na simu moja izimwe makusudi katikati ya raundi.

Marekebisho yenyewe ni mistari michache. Weka uga wa ndiyo au hapana kwa mchezaji uitwe `muda_uliisha`, na hesabu ya kukosa inayomfuata mshiriki raundi zote:

```
@staticmethod
def get_timeout_seconds(player):
    if player.participant.kukosa >= 2:
        return 1
    return 60

@staticmethod
def before_next_page(player, timeout_happened):
    if timeout_happened:
        player.muda_uliisha = True
        player.participant.kukosa += 1
    else:
        player.participant.kukosa = 0
```

Jina `kukosa` liandikwe kwenye `PARTICIPANT_FIELDS` ndani ya settings, na lipewe thamani 0 kwenye `creating_session`, la sivyo mchezo utaanguka kwenye ukurasa wa kwanza kabisa. Uga wa `muda_uliisha` uanze na `initial=False`. Tumeweka kukosa mara mbili mfululizo kwa sababu kukosa mara moja mara nyingi ni mtandao uliosita tu, na mtu anarudi. Akikosa mara mbili, kurasa zake zinapita kwa sekunde moja moja ili wenzake wasichoke. Akirudi baada ya hapo atakuta mchezo unamkimbia, kwa hiyo mwandalie ukurasa unaomweleza kwamba ushiriki wake umeishia hapo na unaomwonyesha pesa atakazolipwa. Kumwacha mtu gizani ni kumkosea heshima, na habari zake zitafika kwa washiriki wa kesho.

Kisha waambie waliobaki ukweli. Kwenye ukurasa wa matokeo, badala ya 0 andika «Mwenzenu ametoka kwenye mtandao». Wako wanaotamani kujaza nafasi hiyo kwa roboti bila kusema. Katika uchumi wa majaribio kudanganya washiriki hakukubaliki, na kamati ya maadili ikiuliza hutakuwa na jibu.

Bado kuna hesabu inayowapita wengi. Kikundi kikibaki na watu 3 huku msimbo ukiendelea kuzidisha kwa 1.6 na kugawa kwa waliopo, kila pointi sasa inarudisha 0.53 badala ya 0.4. Kudandia kumekuwa na faida ndogo kuliko mwanzo. Huo ni mchezo mwingine. Ukishikilia 0.4, kivutio cha mtu binafsi kinabaki vilevile, lakini ushirikiano kamili wa watatu unamlipa kila mmoja 24 badala ya 32, kwa hiyo faida ya kushirikiana imeshuka kutoka pointi 12 hadi 4. Wakibaki wawili kwa 0.4, wakichanga zote kila mmoja anapata 16, chini ya 20 aliyoanza nayo. Hapo kushirikiana ni hasara kwa wote. Ushauri wetu: andika 0.4 moja kwa moja kwenye sehemu ya C, si 1.6 kugawanya kwa idadi ya watu. Endelea na watatu ili walipwe haki yao. Simamisha wakibaki wawili. Na katika uchambuzi mkuu kata data ya kikundi kuanzia raundi mtu alipotoka. Kanuni hiyo iandikwe kwenye mpango wa uchambuzi kabla ya kuona data.

Kikomo cha muda chenyewe si kitu cha kuchagua ovyo. Rand, Greene na Nowak walidai mwaka 2012 kwamba watu wakiharakishwa kuamua ndani ya sekunde 10 hushirikiana zaidi. Maabara 21 zilizorudia jaribio hilo kwa pamoja, matokeo yakatoka 2017, hazikuliona hilo. Sehemu kubwa ya mabishano ilihusu watu walioshindwa kuwahi muda: uwatoe kwenye hesabu au uwaache? Ukiweka sekunde 15 kwa mshiriki anayesoma kwenye kioo cha inchi 5 chini ya jua, unapima kasi ya kusoma. Raundi ya kwanza mpe sekunde 120, zinazofuata 60.

Kuifunga na kuipandisha

Kwenye kompyuta yenye Python 3 ni `pip install otree`, kisha `otree startproject`, kisha `otree devserver`, na mchezo unafunguka kwenye localhost:8000. Hapa hakuna cha kulalamikia. Roboti za majaribio, `otree test`, ni zawadi: zinacheza raundi zote kwa sekunde chache na kukuonyesha kama malipo yanatoka 44 na 24 pale yanapopaswa. Ziandike mapema. Hazitakuambia lolote kuhusu mtandao wa simu, hilo lazima ulijaribu kwa simu halisi.

Kwa kazi yenyewe usibaki na hifadhidata ya SQLite inayokuja nayo. Funga PostgreSQL na uielekeze kwa `DATABASE_URL`. Weka `OTREE_PRODUCTION` ili ujumbe wa makosa ya kiprogramu usimwangukie mshiriki, `OTREE_ADMIN_PASSWORD`, na `OTREE_AUTH_LEVEL` iwe STUDY ili mtu asiye na kiungo asiweze kuanzisha mchezo. Mwongozo wa oTree unaelekeza wengi kwenye Heroku, huduma ya seva za mtandaoni, ambayo iliondoa huduma yake ya bure Novemba 2022. Sasa inalipiwa kwa dola na kadi ya benki, na wanafunzi wengi hawana kadi hiyo. Seva ya Ubuntu ya chuo, au hata kompyuta ya idara yenye anwani ya kudumu, inafanya kazi hiyohiyo ikiwa mhudumu wa IT atakubali kukufungulia mlango wa mtandao (port). Mwombe pia ahakikishe WebSocket, njia ya mawasiliano inayobaki wazi kati ya kivinjari na seva, haizuiwi na vifaa vya katikati, kwa sababu kurasa za kusubiri zinaitegemea: ikizuiwa, huenda ukaona watu wote wanne wamefika na hakuna anayesogea.

Ukumbini, bila intaneti

Hapa ndipo oTree inapojipatia sifa zake. Beba laptopu moja, ruta moja ya Wi-Fi na simu au tableti za washiriki. Ruta haihitaji laini. Laptopu inaendesha seva, simu zinafungua anwani yake ya ndani na mlango 8000. Kwa vikundi vya wakulima au wanachama wa SACCO waliokusanyika ukumbi wa parokia, hakuna kukatika kwa bando, na mwezi wa uchaguzi intaneti ikizimwa kama Januari 2021 kazi yako haisimami.

Yanayoharibika ni haya. Windows inaziba milango inayoingia mpaka uiruhusu. Simu zinagonga, laptopu haijibu. Anwani ya laptopu inabadilika ruta ikiwashwa upya, na viungo vyote ulivyochapisha vinakufa. Ifunge anwani hiyo ndani ya mipangilio ya ruta. Simu za Android zinagundua kwamba Wi-Fi haina intaneti na kurukia data ya laini bila kumwuliza mtu, kisha ukurasa unagoma kufunguka. Zima data ya simu kwenye kila kifaa kabla ya kuanza, na ujumbe wa kuuliza kama ubaki kwenye mtandao huu ujibiwe ndiyo. Umeme ukikatika laptopu ina betri yake lakini ruta haina, basi nunua kibetri cha ruta cha volti inayolingana, nyingi ni 12. Na wapangie viti ili jirani asione kioo cha jirani.

Uganda ina historia nzuri ya kazi za ukumbini. Habyarimana, Humphreys, Posner na Weinstein walifanya michezo yao kwa wakazi wa Kampala na kuchapisha mwaka 2007, wakitafuta kwa nini vitongoji vyenye makabila mengi hupata shida kushirikiana. Baldassarri na Grossman, katika makala yao ya 2011, walicheza na wakulima 1,543 wa vyama 50 vya ushirika na kuona kwamba msimamizi mwenye uwezo wa kuadhibu anainua michango, na akiwa amechaguliwa na wenzake anainua zaidi kuliko aliyepatikana kwa bahati nasibu. Muundo huo unaingia kwenye oTree bila taabu: ukurasa wa kura, ukurasa wa kusubiri unaohesabu kura, kisha jukumu la msimamizi kwa aliyeshinda. Adhabu nayo ni ukurasa mmoja zaidi. Kipimo kinachojulikana ni kwamba pointi 1 ya muadhibu inamkata muadhibiwa 3. Amua mapema nini kitatokea mtu akishuka chini ya sifuri, maana msimbo hautakuamulia.

Kurasa hai, gumzo na simu ndogo

Kwa mapatano ya papo kwa papo, kama kupandisha bei au kugawana kisima kinachokauka huku wote wanachota, kuna kurasa hai zinazotumia `liveSend` na `liveRecv`. Zinafanya kazi vizuri kwa vikundi vidogo. Mambo mawili yanawaangusha watu. Mshiriki akionyesha upya ukurasa, historia yote inapotea machoni pake; basi ukurasa ukifunguka utume `liveSend({})` na seva imrudishie hali ilivyo. La pili ni kwamba ujumbe wa kurasa hai hauhifadhiwi wenyewe. Usipouandika kwenye ExtraModel, jedwali la ziada la oTree, utabaki na bei ya mwisho bila safari iliyoifikia. Gumzo la ndani la oTree, kwa upande wake, linahifadhiwa na kupakuliwa kama faili lake.

Kitelezi cha kuchagulia mchango kinapendeza kwenye simu, ila kitelezi cha kawaida cha kivinjari kinaanza katikati. Kati ya 0 na 20 maana yake 10, na wengi wataiacha hapohapo. Tumia kisanduku kitupu cha namba, au kitelezi kisichoonyesha kitu mpaka kiguswe.

Kiswahili kinahitaji kazi ya mkono kidogo. Maelekezo unaandika mwenyewe, hilo ni rahisi. Kitufe cha kuendelea ukiandike mwenyewe kwa HTML, «Endelea», badala ya kile kinachojileta. Kurasa za kusubiri zipe `title_text` na `body_text` zako. Na ujumbe wa makosa ya namba uandike kwa `error_message`. Mchezo wenyewe uupe jina lisilomwelekeza mtu. Liberman, Samuels na Ross walionyesha mwaka 2004 kwamba kubadili jina la mchezo peke yake kunabadili sana kiwango cha ushirikiano. Ukiupa sura ya bulungi bwansi (kazi za pamoja za kijiji) au ya michango ya msiba, umeshamwambia mtu atende nini. Sema «akaunti ya kikundi» na «akaunti yako», basi. Baada ya maelekezo weka maswali manne ya kupima uelewa, na moja liwe lile la 44 na 24. Asiyelielewa hilo hajauelewa mchezo.

Washiriki, viungo na malipo

Tumia kipengele cha chumba, ROOMS, chenye faili la misimbo ya washiriki. Kila mtu anapata kiungo chake mwenyewe, na simu ikizima akirudi kwa kiungo hicho anaendelea pale alipoishia. Bila msimbo, mtu mwenye simu mbili ataingia mara mbili, na pengine atakaa kikundi kimoja na nafsi yake. Viungo vitumwe kwa SMS kwa mmoja mmoja. Ukivimwaga kwenye kundi la WhatsApp la hosteli za Kikoni, wachezaji watapatana pembeni kabla ya raundi ya pili. Endesha vikundi vitano au zaidi kwa pamoja ili mtu asijue yuko na nani.

Kupanga vikundi kwa kufuata nani kawahi, `group_by_arrival_time`, ndiko kunakofaa mtandaoni, kwani anayekawia hamzuii aliyekwisha kufika. Ukurasa huo lazima uwe wa kwanza kwenye mfuatano wa app husika, kwa hiyo maelekezo na maswali ya uelewa yakae kwenye app inayotangulia. Ukiwapanga kabla ya maelekezo, wazito wa kusoma watatoka wakiwa tayari ndani ya kikundi. Muda wa kusubiri ulipe: mtu akikaa dakika 10 bila kupata kikundi, mwachie aende na posho yake ya ushiriki.

Kwa pesa, 1 pointi kwa shilingi 25 inatoa shilingi 5,000 kwa kikundi kisichoshirikiana kabisa na 8,000 kwa kinachoshirikiana raundi zote 10. Ongeza posho ya 5,000 inayofidia na bando, ambalo tangu Julai 2021 lina kodi yake ya asilimia 12. Jaza `REAL_WORLD_CURRENCY_CODE = 'UGX'` na zungusha malipo kwenda juu hadi mia iliyo karibu. Ukituma kwa MTN MoMo au Airtel Money, ongeza ada ya kutolea kwa wakala pamoja na kodi ya asilimia 0.5 inayokatwa wakati wa kutoa. Mtu aliyeahidiwa 12,000 ashike 12,000 mkononi. Tuma siku hiyohiyo.

Namba ya simu ya malipo usiikusanye ndani ya oTree. Ukifanya hivyo inaingia kwenye jedwali moja na maamuzi ya mtu, na kila atakayepewa faili lako atajua nani alidandia. Ikusanye kwa fomu nyingine inayounganishwa kwa msimbo tu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakubana hapo, mbali na kibali cha kamati ya maadili na usajili wa UNCST, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, unavyotakiwa kuwa navyo kabla ya mshiriki wa kwanza.

Data inatoka kama CSV, safi na yenye majina ya uga uliyoyaweka mwenyewe. Pakua pia faili la PageTimes. Muda umeandikwa kwa sekunde tangu 1970, saa za dunia, kwa hiyo ongeza saa 3 kupata saa za Uganda. Faili hilo ndilo litakaloonyesha kama watu walikatika wote kwa dakika moja, ishara ya umeme au mnara, au mmoja mmoja.

Zilizo jirani nayo

LIONESS Lab, iliyoelezwa mwaka 2020 na Giamattei, Yahosseini, Gächter na Molleman, inashinda oTree kwenye jambo tulilolichambua hapo juu: kumtambua aliyetoka na kuendelea bila yeye kumejengwa ndani, na mchezo unautengeneza kwenye kivinjari bila kuandika programu nyingi. Idara isiyo na mtu wa Python, na yenye washiriki wa mtandaoni tu, ianzie huko. Ila kwa kazi ya ukumbini bila intaneti utalazimika wewe mwenyewe kusimamisha seva yake, na hapo wepesi wake unapungua.

Empirica, makala yake ni ya 2021, imejengwa kwa JavaScript na React kwa ajili ya vikundi vikubwa na mitandao inayobadilika wakati mchezo unaendelea. Ukitaka kurudia kazi ya Rand, Arbesman na Christakis ya 2011, ambamo wachezaji walikata na kuunga urafiki raundi baada ya raundi na ushirikiano ukadumu pale viungo viliposasishwa mara kwa mara, Empirica itakupunguzia jasho. Inahitaji mwanaprogramu wa kweli. z-Tree ya Urs Fischbacher bado ni imara kwa chumba chenye kompyuta za Windows zilizounganishwa, lakini haikutengenezwa kwa simu, na kwa Uganda hilo linaiondoa kwenye safari nyingi za nje ya chuo.

Kwa mchezo wa watu 4 hadi 8, raundi 10 hadi 20, washiriki wenye simu za kawaida, wa mtandaoni au ukumbini, chagua oTree, na mistari ya `kukosa` iwe ndani yake kabla ya jaribio la kwanza. Kwa mtandao wa watu 20 wanaobadilishana viungo, chukua Empirica na bajeti ya mwanaprogramu wa miezi miwili.